Barua ya Mwalimu Majok na Mashine ya Kutambua Alama za Ngamia

Nilimkabidhi Mwalimu Majok barua yake saa nne asubuhi, mlangoni mwa darasa lake kule kambini Kakuma, ikiwa imechelewa siku kumi na tisa. Alikuwa na chaki mkononi. Aliichana bahasha polepole upande wa kando, kama mtu anayetaka kuitunza hata bahasha yenyewe, akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi tena wa kwanza. Ndani ya darasa watoto walikuwa wamenyamaza wenyewe, jambo ambalo hata kengele haikuwahi kuliweza.

"Wamenipa," alisema. "Nafasi ya uzamivu, miaka minne, na chakula na pahali pa kulala. Walitaka jibu lenye sahihi kabla ya mwisho wa mwezi." Akanitazama. "Mwezi uliopita."

"Ilifika Lodwar lini, Ekai?"

"Wiki saba sasa."

"Wiki saba ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo, Mwalimu."

"Droo ya chuma au ya mbao?"

"Ya mbao."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa hesabu, akaikunja barua, akaitia mfuko wa shati, akarudi ubaoni. Somo lilikuwa la sehemu, nusu na robo. Alilimaliza.

Mimi nimestaafu mwezi uliopita, na ofisi imenipa zawadi ya saa ya ukutani isiyo na betri. Nyinyi vijana mnaokalia meza zile sasa, na hiyo kompyuta mnayoifunika kitambaa kama mtoto mchanga, mliniomba niwaandikie kazi ilikuwaje siku zetu. Vyeo sitaviandika kwa sababu sikupata. Nitaandika kazi moja tu, ya kumtafutia mtu nafasi ya uzamivu kutoka Lodwar, kwa sababu watu wa kambini bado wanawaletea kazi ya namna hiyo, na kwa sababu wako watu wawili ambao hawajajibu. Majina yao nitayataja. Nimesoma hadi darasa la tano. Mkiona makosa ya lugha sahihisheni, lakini majina msiyaguse.

Kwanza mjue nilikotoka. Nimezaliwa kaskazini, upande wa Lowarengak, nyumba ya ngamia na mbuzi. Wavamizi walitujia alfajiri moja nikiwa mtoto wa kuchunga. Usiku tulilala watu saba, na jua lilipotoka tulikuwa wawili, mimi na shangazi yangu. Mifugo yote ilikwenda. Shangazi akanipeleka misheni, nikala uji wa misheni, nikafunzwa kusoma. Siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu yanaingia kwenye kazi, mtaona.

Aliyenifunza kazi ni Bi. Wakesho. Alikuja Lodwar kutoka Taita na mumewe mwalimu. Mume akapewa uhamisho, yeye akaukataa, akabaki na mashine mbili za taipu na sanduku moja la posta. Hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi. Watu wasio na sanduku walitumia letu, tukawaandikia barua, tukawapokelea majibu.

Siku yangu ya kwanza sikugusa taipu. Alinipa brashi ya meno, pini na spiriti, akaniambia nisafishe herufi. Vumbi la Lodwar hupenda matundu, kwa hiyo a, e na o zilikuwa zimejaa zikawa madoa. Mchana alinionyesha karatasi za kaboni, jinsi zinavyolegea kwa joto zikabandika nakala. Tulizitunza chini ya mtungi wa maji, ndani ya bati la biskuti. Jioni akanipa barua ya Kiingereza niikague.

"Mama, sielewi inasema nini."

"Vizuri sana. Mtu akielewa husoma kile anachotarajia. Wewe anza neno la mwisho, rudi nyuma hadi la kwanza, linganisha na la mteja. Neno kwa neno, kama unahesabu mbuzi langoni."

Nimekagua hivyo miaka yangu yote. Nawashauri mjaribu, hata na hiyo kompyuta.

Na ilikuwapo desturi moja ya ofisi ambayo ni lazima mwijue. Zamani mteja mmoja alitusingizia kwamba tulimpotezea cheti. Tangu hapo Bi. Wakesho akaweka sheria: hakuna bahasha itakayotoka kabla haijafunguliwa, vilivyomo vikaandikwa kwenye daftari kimoja kimoja, kisha ikafungwa mbele ya daftari. Vyeti viwili, picha moja, barua moja. Tuliisifia sana desturi hiyo. Watu walituamini kwa sababu yake.

Mwalimu Majok alikuja kambi ikiwa bado changa, mahema mengi kuliko nyumba. Alikuwa Msudani wa kusini, mrefu wa kuinama mlangoni, na kwao alikuwa amesoma hesabu hadi ngazi ya uzamili, na kuifundisha. Vyeti vyake alivivukisha mpaka ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari. Siku ile alikuwa na kibali cha siku moja na kitabu kimoja kinene kisicho na jalada.

"Ejok," alisema, salamu yetu, akaitamka vibaya kwa bidii.

"Ejok. Karibu. Barua ya wapi?"

"Ya kila pahali."

Kile kitabu alipewa na mtafiti wa mifupa ya kale aliyepita Nariokotome, mtu aliyekuwa akipima mafuvu kwa kompyuta. Kilikuwa mkusanyiko wa makala za wataalamu, zote juu ya jambo moja: jinsi ya kuifanya mashine ijifunze. Mwalimu alikuwa amekisoma mpaka kurasa zimelainika kama kitambaa. Alitaka kusomea jambo hilo, na hakutaka jingine.

Tulianza vibaya. Tuliandika barua kumi na moja kwa wakuu wa vyuo, ndefu, za kuomba kwa unyenyekevu. Baada ya miezi miwili yakaja majibu: vitabu vya rangi vyenye picha za wanafunzi wamejilaza kwenye majani mabichi.

Bi. Wakesho akavifunua kimoja baada ya kingine. "Hawa ndio wanasoma? Wote wamelala."

"Wamechoka na kusoma, Mama," Mwalimu alisema.

"Basi wewe utawashangaza. Wewe umesimama tangu Sudani."

Aliyegundua njia ni Mwalimu mwenyewe. Chini ya ukurasa wa kwanza wa kila makala, kwa herufi ndogo, paliandikwa anwani ya mwandishi. Akasema, kwa nini tunapiga hodi kwenye lango la nje wakati tunajua mtu yuko chumba gani? Tukaacha kuandikia wakuu. Kila barua ikaenda kwa mtu mmoja, ukurasa mmoja usiozidi, na ndani yake swali moja juu ya jambo alilolisema mtu huyo, ukurasa fulani, mstari fulani. Hakuna kuomba hata kidogo. Kuomba kulikuja baadaye, walipojibu. Vijana, mkimwandalia mtu barua ya aina hii, huo ndio msingi. Profesa anayeombwa hana muda. Ukimuuliza swali zuri hapati usingizi mpaka alijibu.

Shida yangu ilikuwa alama za hesabu. Taipu haikuwa nazo. Niliacha nafasi, upana wa kidole au vidole viwili, naye alijaza kwa kalamu ya wino. Moja alijaza kila mara, ina sura ya E iliyovunjika mgongo. Nilimuuliza ni nini.

"Hiyo inasema: jumlisha vyote."

"Vyote vipi?"

"Vyote ulivyo navyo."

Niliipenda alama ile. Nikaanza kumuuliza mambo mengine. Mashine inajifunzaje wakati haina kichwa? Akaniambia haifundishwi kanuni. Inaonyeshwa mifano, inakisia, ikikosea inasahihishwa kidogo, inakisia tena. Nikamwambia hiyo si ajabu, ndivyo mtoto wa kuchunga anavyofunzwa alama za mifugo. Hakuna anayekaa akamweleza. Anaonyeshwa ngamia huyu, wa nani? Akikosea anapigwa kofi, anaonyeshwa mwingine. Baada ya msimu mmoja anaijua alama hata kama chuma cha moto kiliteleza, hata kama kovu limevimba au manyoya yameifunika.

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Rudia hapo. Hata kama chuma kiliteleza?"

"Ngamia hatulii, Mwalimu. Hakuna alama mbili zinazofanana."

"Na mtoto anajua?"

"Anajua."

"Kalas," akasema. Basi, imekwisha. "Hilo ndilo andiko langu."

Tangu siku ile nikawa na kazi ya pili. Nilipokwenda Kataboi kuona ndugu, au nilipopita mnadani, nilibeba daftari la mistari ya mraba. Niliwaomba wazee na wanawake wanichoree alama zao na za majirani. Wengine walikataa, wakinishuku, maana mtu anayekusanya alama anaweza kuwa mwizi. Mama mmoja wa Kataboi aliniuliza, "Unataka mashine imjue ngamia wangu? Imkamue pia?" Akachora hata hivyo, kwa ukucha mchangani, nami nikanakili. Nilirudi na mamia ya michoro, iliyonyooka na iliyopinda.

Siku moja nilipeleka nakala za kutiwa sahihi Kakuma, nikipanda lori la mahindi, na Mwalimu akanivuta darasani.

"Leo mashine iko hapa," alisema.

"Iko wapi?"

"Umesimama mbele yake."

Alikuwa amechora ubaoni mraba mkubwa uliogawanywa vyumba ishirini na tano, tano kwa tano. Watoto ishirini na watano walipewa kila mmoja chumba chake cha kutazama, na kila mmoja alikuwa na kopo la kokoto, nyeupe na nyeusi. Kanuni ilikuwa hii. Nikichora alama ubaoni, mtoto ambaye mstari umepita chumbani mwake anataja kokoto zake ngapi, nyeupe za kuongeza, nyeusi za kutoa. Mwanzoni hana hata moja. Mwalimu anajumlisha. Ikizidi kumi, darasa limesema ndiyo, hii ndiyo alama. Isipozidi, limesema hapana. Darasa likikosea, wale walioguswa na mstari wanaongezewa kokoto: nyeupe kama walipaswa kusema ndiyo, nyeusi kama walipaswa kusema hapana. Likipatia, hakuna anayegusa kopo.

Aliniambia nichague alama moja ya kufundisha. Nilichagua ya baba yangu, mstari wa wima na pinde mbili zinazotazamana. Ya kudanganya nilichagua ya jirani yetu wa zamani, mstari ule ule, lakini pinde zinatazama nje.

Mwanzo ulikuwa kelele tupu. Nilichora ya baba, darasa likasema hapana. Nikachora ya jirani, likasema hapana tena, likapatia kwa bahati. Msichana mmoja wa mbele akanipigia kelele, "Karani, chora vizuri! Mkono unatetemeka kama mzee!"

"Mwache atetemeke," Mwalimu akamwambia. "Ngamia naye anatetemeka."

Tuliendelea hivyo mpaka chaki ikaniishia mara mbili. Makosa yakaanza kupungua. Kisha yakaja majibu matatu mfululizo sahihi, kisha sita. Mwalimu akaninong'oneza nichore ya baba vibaya kabisa, kama iliyochomwa na mtu mwenye haraka. Nikaichora imelala upande, upinde mmoja umekatika. Watoto wakataja kokoto zao mmoja mmoja, Mwalimu akajumlisha kwa sauti.

"Kumi na tatu. Ndiyo!"

Nilikaa chini kwenye jiwe. Ngamia wale waliisha miaka mingi iliyopita, na aliyewachoma alama aliisha nao siku moja. Hapa palikuwa na watoto wa Sudani na wa Ethiopia na wa Somalia, hakuna hata mmoja wao aliyeijua alama ile, lakini darasa zima liliijua. Nilimuuliza Mwalimu, basi anayejua ni nani? Akasema swali hilo ndilo linalomfanya asiache.

Katika wale aliowaandikia, profesa mmoja mwanamke wa nchi ya baridi ndiye aliyejibu kurasa tatu. Aliuliza Mwalimu anatumia mashine ya aina gani. Mwalimu akajibu, natumia darasa la tano, na akaeleza zile kokoto. Jibu lililofuata lilikuja haraka kuliko barua yoyote niliyowahi kuipokea kutoka ng'ambo. Profesa alimtaka aombe rasmi: fomu, nakala za vyeti, andiko la utafiti, na barua mbili za mapendekezo ndani ya bahasha zilizofungwa, sahihi ya mwandishi ikiwa imepita juu ya ukingo wa kufungia.

Barua za mapendekezo zilikuja, moja kutoka kwa mwalimu wake wa zamani aliyekuwa Nairobi, moja kutoka kwa mhandisi wa visima wa kambini. Nikaziweka mezani pamoja na vingine. Na mimi, mfanyakazi mwaminifu, nikafuata desturi yetu. Nilizifungua kwa mvuke wa chai, nikaandika daftarini: barua ya mapendekezo, kurasa mbili, barua ya mapendekezo, ukurasa mmoja. Nikazifunga kwa gundi na, kwa usalama zaidi, nikapitisha utepe juu. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Baada ya miezi minne profesa aliandika kwa masikitiko. Kamati ilikataa ombi kwa kuwa bahasha za mapendekezo zilikuwa zimefunguliwa njiani, na mapendekezo yaliyofunguliwa hayahesabiwi. Aombe tena mwakani.

Mwalimu alinisomea hapo mezani, akinitafsiria. Bi. Wakesho alisikia, akageuka.

"Nani alifungua?"

"Ni mimi, Mama. Kwa daftari."

Hakunigombeza. Alisema, "Ni mimi niliyekufunza." Akachukua daftari, akaandika sheria mpya kwa mkono wake: iliyofungwa na mwenyewe iandikwe imefungwa, isiguswe.

Mwalimu akanipiga bega. "Malesh, usijali, Ekai. Hata darasa langu lilikosea mwanzoni." Kosa hilo ni langu, nimelikiri mbele yake na nalikiri mbele yenu. Mwaka mzima wa mtu niliula mimi, kwa mvuke wa chai.

Tukaanza upya. Mwaka ule wa pili andiko lilikuwa zuri zaidi, na michoro niliyoikusanya iliambatishwa nyuma. Nililitaipu upya mara nne kwa sababu Mwalimu alibadilisha mawazo mara tatu, na mara ya nne ni mbuzi aliyeingia ofisini. Bahasha za mapendekezo nilizibeba kama mayai. Ombi likaenda.

Hapo katikati Bi. Wakesho akaitwa kwao Taita, mama yake alikuwa mgonjwa. Akaiuza ofisi kwa Bwana Kisiangani, mfanyabiashara aliyekuja kutoka upande wa Kitale. Hilo ndilo jina la kwanza. Bwana Kisiangani alikuwa mtu wa kanisa, mkarimu wa salamu, na mpenda sheria. Aliweka meza yake mwenyewe yenye droo ya kufuli, akaingiza na mashine ya faksi, akaifungia chumbani mwake. Akatangaza kwamba barua za rejista, zile za kutiwa sahihi, atapokea yeye posta, na mwenye jina atazichukua mwenyewe, na kitambulisho, mbele yake.

Bahasha ya Mwalimu ilikuja siku ya Jumatatu. Niliiona ikiwa mkononi mwa Bwana Kisiangani, na muhuri wa chuo kile. Ilikuwa nene. Vijana, jifunzeni unene wa bahasha. Anayekukataa hutumia karatasi moja. Anayekukubali anakutumia fomu za kujaza.

"Bwana Kisiangani, hiyo ni ya Mwalimu Majok. Naenda Kakuma Alhamisi, nimpelekee?"

"Ekai, katika watu wote, wewe uniombe bahasha ya yule mtu? Si wewe uliyezifungua zake?"

"Ni kweli. Kwa hiyo najua uzito wake."

"Mwenyewe, kitambulisho, sahihi. Nikimvunjia mmoja sheria nitawavunjia wote." Akaitia droo, akafunga.

Nikaenda Kakuma Alhamisi na lori. Siku hizo palikuwa pametokea fujo kambini na vibali vya kutoka vilibanwa. Aliyevitoa aliitwa Bwana Mutiso. Hilo ndilo jina la pili.

"Anataka kwenda Lodwar kufanya nini?"

"Kuchukua barua ya chuo, mkubwa. Amepata nafasi, nadhani."

"Unadhani. Niletee barua yenyewe nione mwaliko, nitampa kibali saa hiyo hiyo."

"Barua haitoki mpaka aende mwenyewe."

"Na yeye hatoki mpaka niione barua." Alicheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyekuta fumbo gazetini. "Basi hiyo ni shida ya Lodwar, si ya Kakuma. Kunywa chai."

Chai alinipa, siwezi kusema uongo.

Nilirudi kwa Bwana Kisiangani, nikamwomba aandike tu kwamba barua ipo. Akaandika kwenye kikaratasi: kuna barua. Nikakipeleka. Bwana Mutiso akakisoma pande zote mbili. "Barua ya nani? Inasema nini?" Nikarudi tena. Nikaomba tumpigie profesa faksi. "Utamwambia nini?" Bwana Kisiangani akaniuliza. "Kwamba barua yake tunayo na hatujaisoma? Atatuona wajinga." Mwalimu akamwandikia profesa kwa posta ya kawaida kumweleza, lakini posta ya kawaida ina mwendo wake.

Jambo moja lilinisumbua na bado linanisumbua. Bwana Mutiso alikuja Lodwar kila Ijumaa na gari la kazi, akanunua samaki, akaliegesha hatua thelathini kutoka mlango wetu. Nilimfuata mara mbili. "Mkubwa, ingia tu uione kwa macho." Mara ya kwanza alisema samaki wataharibika. Mara ya pili alisema Ijumaa si siku yake ya vibali. Na Bwana Kisiangani aliifungua droo ile kila siku ya kazi, mbele yangu, kuchukua muhuri. Kila siku mkono wake uliigusa bahasha ile ili kuupata muhuri chini yake. Watu hawa wawili walifahamiana. Mikutano mikuu ya kanisa ilipofanyika Lodwar walikaa benchi moja.

Mimi nami niseme langu. Kufuli la droo lilikuwa la kitoto, na bisibisi ya taipu ingelifungua bila alama. Niliishika bisibisi ile zaidi ya mara moja. Niliogopa kazi yangu, na niliogopa kuitwa tena mfungua bahasha. Mwalimu aliponiuliza ni droo ya chuma au ya mbao, alikuwa anauliza hilo. Nilijibu mbao, na jibu hilo nimelibeba mpaka leo.

Wiki ya saba Bwana Kisiangani alikuwa akisafisha meza. Akanirushia bahasha. "Kumbe hii bado ipo? Mpelekee, tumechoka kuiona." Hakuuliza sahihi wala kitambulisho. Sheria yenyewe aliisahau siku ile.

Mengine mmeyasoma mwanzo. Mwalimu alijaza fomu jioni ile ile, nikaipeleka Lodwar, Bwana Kisiangani akakubali faksi itumike. Jibu la profesa lilikuja baada ya siku mbili. Alikuwa ameipata barua ya kawaida ya Mwalimu siku hiyo hiyo ya faksi, nafasi ikiwa imekwisha kupewa mwingine, na fedha zilikuwa za mtu mmoja. Aliandika kwamba michoro ya alama anaionyesha kwa wanafunzi wake. Mwaka uliofuata alistaafu. Tuliwaandikia wengine, barua ya ukurasa mmoja na swali moja, na wengine walijibu vizuri, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi, na mmoja aliuliza kwa upole Mwalimu ana umri gani.

Mwalimu Majok yuko Kakuma hadi ninapoandika, mvi zimemshika. Bado anafundisha hesabu, na kila mwaka darasa jipya linapewa makopo ya kokoto. Hajamlaumu mtu mbele yangu. Mimi si yeye.

Bwana Kisiangani, uko Kitale, una duka na una afya. Bwana Mutiso, ulipandishwa ukahamishwa pwani. Mnaosoma haya mnawajua, na wakipita Lodwar huwa wanakuja kuwasalimia ofisini. Waulizeni wakiwa wamekaa, kabla ya soda. Bwana Kisiangani aulizwe: sheria uliyoweza kuisahau kwa sababu unasafisha meza, kwa nini hukuisahau wiki tatu mapema? Bwana Mutiso aulizwe: hatua thelathini zile, ni nini kilikuzuia?

Sitaki majibu ya mdomo. Nataka yaandikwe, kila mtu ukurasa wake, na sahihi chini, na yaende kwa Mwalimu Majok. Msimwambie aje kuyachukua. Kila mmoja wao ayapeleke Kakuma kwa mkono wake mwenyewe, abishe mlangoni mwa darasa, na angoje hapo nje mpaka somo liishe.